Nukta Tatu Nyekundu Juu ya Paa

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mama Tone yuko juu ya paa la gari, amepiga magoti kwenye ubao, anafuta umande kwa tambara. Hana viatu. Amevaa soksi mbili mbili, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya soli inatosha kuchubua bati alilolipaka rangi jana.

"Jua likishapanda, hapa huwezi kuweka hata kiwiko," anasema bila kuinua kichwa. "Na umande ukiwepo, nitateleza na ndoo. Kwa hiyo nina saa moja na nusu ya kuelewana na hili bati. Baada ya hapo linageuka kikaango."

Gari lenyewe ni refu, lina kitanda, jiko, choo na meza ya kukunja. Wenye kuyauza huyaita magari-nyumba. Kwa mkunga mstaafu na mumewe, ambao wameliegesha kwenye uwanja wa karakana hii siku ya kumi na moja sasa, ni nyumba tu. Waliuza ile ya matofali ili walinunue hili, na hawana nyingine.

Ndiyo maana tone moja la maji liliwakosesha raha. Dari juu ya kitanda ilianza kuvimba, ikawa nyeusi, ikaota ukungu. Mume, ambaye kifua kinamsumbua tangu ujana, akawa anakohoa mpaka anashika meza. Daktari hakuzunguka: ukungu uondoke, ama mgonjwa aondoke. Tangu hapo mzee hulala ameketi kwenye kiti cha dereva.

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini na miwili, maji hayajawahi kunishinda," anasema mkunga. "Haya ya kutoka juu ndiyo yamenitoa jasho."

Mama Tone ana miaka arobaini na mmoja. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila hapa karakana ukilitaja watakuambia hafanyi kazi hapa. Alifunzwa kuezeka nyumba na baba yake. Baba alipoanguka akavunjika nyonga, wateja waliyeyuka mmoja mmoja. Mwanamke juu ya paa lao hawakumtaka. Miaka sita iliyopita mwenye karakana akamwomba azibe paa la gari, maana mafundi wake wa injini wakipanda ngazi huanza kuaga.

Siku hizi hupata magari matatu au manne kwa mwezi. Yanatosha kodi ya vyumba viwili na dawa za baba. "Kinachobaki ni cha kunichekesha," anasema.

Lakini gari hili halimlipi kitu, na hilo ni agizo lake mwenyewe.

Siku ya kwanza alipanda, akakuta maungio yote yamepakwa lami, nayo imepasuka vipande vipande. Chini ya lami maji yalikuwa yamejificha yakila mbao taratibu. Mama Tone hakujizuia.

"Nilimtukana huyo fundi, jamani! Nikasema mtu kama huyu anyang'anywe ngazi. Nikasema hata banda la kuku asipewe. Shangazi mkunga huko chini anacheka, mimi napandisha sauti."

Akaendelea kukwangua. Karibu na tundu la hewa, bamba la lami likabanduka, na chini yake akaona tarehe iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Chini ya tarehe kulikuwa na nukta tatu.

Baba yake alimfundisha hivyo: kila paa unalolifanyia kazi, andika tarehe na alama yako, ili kosa lisikose mwenyewe. Alama ya Mama Tone ni nukta tatu nyekundu.

"Gari limebadilishwa rangi, limebadilisha mwenyewe, mimi nitalijuaje? Kumbe ndilo gari langu la kwanza."

Angeweza kuikwangua ile tarehe, mambo yakaishia palepale. Hakuna aliyekuwa anamwona. Anakiri kwamba kikwanguo kilikuwa tayari mkononi. Akashuka nacho.

"Shangazi," akamwambia mkunga, "yule fundi niliyekuwa namtukana ni mimi."

Mkunga akamwonyesha ngazi. "Basi panda ukamalizie matusi, kisha ufanye kazi."

Mume hakucheka. Anayekohoa ni yeye. Alitaka gari liondoke siku hiyohiyo, na ni mkewe aliyemzuia: "Fundi mwingine atakuja kujifunzia kwetu. Huyu ameshajifunza, tena kwetu." Mzee akakubali kwa sharti moja: likidondoka tone lingine, wanaondoka.

Kosa lenyewe Mama Tone analieleza bila kujitetea. "Paa la nyumba limelala. Hili linatembea. Gari likiingia shimoni, bati linajinyonga. Lami ikikauka haikubali kuvutwa, inapasuka. Mimi nilikuwa nimezoea mapaa yaliyolala."

Safari hii ameng'oa skrubu mia mbili na kumi na nne, amebadilisha mbao mbili zilizooza, na dari yenye ukungu ameitupa na kuweka mpya. Kutu ameisugua kwa brashi ya waya. Kwenye kila ungio ameweka utepe laini wa mpira, na juu yake gundi isiyokauka ikawa ngumu. Tangu siku ya sita, mzee ndiye anayehesabu skrubu na kumrudishia zilizopinda.

Leo ni siku ya majaribio. Mkunga ametandaza magazeti sakafuni na kitandani, kwani tone kwenye karatasi halijifichi. Ni gazeti hili hili, la juzi. Mwandishi wa makala haya hakununa. Alikabidhiwa ndoo, akawa msomba maji.

Mama Tone anamwaga kuanzia ungio la chini akipanda juu, dakika kumi kila moja, ili pakivuja ajue ni wapi.

"Vipi?" anauliza.

"Pakavu!" mkunga anajibu kutoka ndani.

Limebaki tundu la hewa, pale palipokuwa na tarehe. Hapo mzee anainuka kwenye kiti chake, anaingia ndani bila kuambiwa, analala chali kitandani chini ya tundu lenyewe.

"Mwaga," anasema.

Mama Tone anamwaga ndoo tatu. Dakika kumi zinapita, kisha kumi nyingine.

"Vipi, shangazi?"

"Usipige kelele," mkunga ananong'ona dirishani. "Pakavu. Na huyu amelala."

Mama Tone anakaa juu ya ubao, anajifuta macho kwa lile tambara la umande. Kisha anachukua brashi na kuandika tarehe ya leo kando ya ile ya zamani, ambayo hakuifuta.

Anasema mwaka ule wa kwanza alipaka lami magari matano. Hili ni moja. Manne yako barabarani, na ameapa kuyapata kabla mbao hazijaoza.

"Wewe si unaandika gazetini?" anasema. "Basi andika. Mwenye gari-nyumba apande juu, aangalie karibu na tundu la hewa. Akikuta lami, aikwangue kidogo. Akiona nukta tatu nyekundu, aniletee. Asije na pesa. Aje na gari."