Mwasiti na Simu Iliyogoma Itaka

Mwasiti ana kibanda cha kutengeneza simu Tunduma, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori, na ana tabia moja inayowaudhi mafundi wenzake: hamwambii mteja simu imekufa mpaka aifungue kwa mkono wake. Alikuja kutoka Tabora akauza vocha chini ya mwavuli. Simu ya kwanza kuifungua ilikuwa yake mwenyewe, akaiua. Ya pili ilikuwa ya mumewe, nayo akaiua. Ndoa ilinusurika kwa sababu ya tatu ilipona.

Jumapili moja saa tisa alasiri aliingia Mzee Osea, mkulima wa kahawa wa Itaka, suti ya kanisani bado mwilini, simu janja mpya ameibeba kwa mikono miwili kama yai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Simu hii imenikana."

Aliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, siku tatu nyuma. Na alijiona mjanja: alikataa kuijaribia Zambia, akamvusha muuzaji mpaka upande wa Tanzania ndipo akapiga, ikaita vizuri. Kumbe laini iliyokuwa ndani ni ya muuzaji, na mtandao wa kule huvuka mpaka bila pasipoti. Alipofika Itaka akachomeka laini yake, simu ikamwandikia: weka namba ya kufungulia.

"Na ukaweka?"

"Nikaweka mwaka niliozaliwa. Ikakataa. Nikaweka namba ya wimbo wa kanisani ninaoupenda."

"Ikasemaje?"

"Zimebaki mara mbili."

Mwasiti alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Usiiguse tena, baba! Kampuni ya simu ya kule iliagiza hizi kiwandani zikiwa zimefungwa, zisikubali laini ya mtandao mwingine. Namba wanayo wao. Kesho nitavuka nikaifuatilie dukani kwao. Leo wamefunga."

"Kesho nimeshachelewa."

Bintiye, Tusekile, alikuwa amejifungua Dodoma, na mtoto anapewa jina leo saa kumi. Katika ukoo wa Osea, babu hutaja jina baada ya kumwona mjukuu uso. Babu asipopatikana, wakwe wanaendelea. Na wakwe walikuwa na la kwao tayari.

"Brayan," alisema Osea, kama mtu anayetaja ugonjwa wa kahawa. "Baba yangu Yesaya alipanda mikahawa elfu moja. Huyo Brayan amepanda nini?"

Seleman, fundi wa kibanda jirani, akachungulia. "Mwasiti, si ubahatishe tu? Bado mbili!"

"Kabahatishe ya mama mkwe wako." Akamgeukia mzee. "Kufuli liko kwenye laini tu. Wi-Fi hawakuifunga. Nipe hicho kitochi chako cha zamani, tuirudishe laini yako humo."

Akaiunganisha simu mpya na intaneti ya simu yake mwenyewe. Papo hapo likatokea tangazo: programu mpya ipo, sasisha sasa? Uso wa Osea ukang'aa.

"Labda hiyo ndiyo itafungua?"

"Inatoka kwa kampuni ileile, baba. Itakuongezea nembo yao na michezo mitatu ya kubashiri isiyofutika. Simu umenunua wewe, lakini wao bado wanaishi humo ndani kama wapangaji wasiohama." Akabonyeza *Baadaye*.

Akaweka WhatsApp kwa namba ya Osea. Tarakimu za kuthibitisha zikaingia kwenye kitochi, na mzee akazisoma moja moja kwa sauti ya kusomea Injili. Saa kumi ilikuwa imepita dakika mbili Mwasiti alipopiga.

Ikaita. Ikaita tena. Kisha kioo kikajaa sura ndogo iliyokunjamana, inapiga miayo. Osea akavua kofia.

"Shikamoo, baba mkwe," ilisikika sauti ya kiume. "Tulidhani hampatikani, sasa tukawa tunasema Bra..."

"Yesaya!" Osea alipaza sauti mpaka utingo wa lori akageuka. "Huyo ni Yesaya! Nimemwona!"

Kule Dodoma Tusekile akapiga vigelegele. Katikati ya vigelegele lile tangazo likarudi, likafunika paji la uso la mtoto: sasisha sasa?

Mwasiti akanyoosha mkono, lakini mzee alimwahi.

"Wewe mpangaji, hebu toka mbele ya mjukuu wangu," alisema Osea, akabonyeza *Baadaye* kwa kidole chake mwenyewe.