Kwaya Iliyogeuzwa Ukuta Kanisani Isongole

Ijumaa, saa tisa alasiri. Roda Kibona amejifunga kanga kiunoni, anavuta benchi la kwanza kuelekea madhabahuni. Benchi linakwaruza sakafu, naye analikemea kama mbuzi mkaidi: "Twende, bwana, hatuna siku nzima."

Roda ni mhudumu wa kanisa hili dogo la matofali hapa Isongole, jirani na mpaka wa Nyasaland. Hufagia, hupiga kengele na kupanga mabenchi. Ujira wake ni shilingi tisa kwa mwezi. Ukimuuliza kama zinamtosha, naye atakuuliza kama wewe zako zinakutosha.

Kesho Fanueli anamwoa Leah. Kazi ingekuwa nyepesi, isingekuwa Mzee Lusubilo, baba wa bwana harusi.

Kwa desturi ya milima hii, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke huingia majanini mpaka mzee apite. Ndiyo sababu Mzee Lusubilo, aliyebeba mawe ya msingi wa kanisa hili enzi za ujana wake, hakuingia ndani siku wanawe wawili wakubwa walipooa. Alisimama nje, nyuma ya ukuta. Mara ya pili alinyeshewa. Fanueli ni kitindamimba, kwa hiyo hakuna ndoa nyingine ya kungojea.

"Alinikuta nafagia," anasema Roda. "Akaniambia, 'Mama Ezron, safari hii nataka kusikia nikiwa ndani.' Mtu mzima kama yule kuniomba mimi. Iliniuma sana."

Wazo lake la kwanza lilikuwa pazia. Mchungaji Amoni alilikataa, akasema pazia ni la kuficha kitu na ndoa haifichwi. La pili lilikuwa kumketisha mzee akitazama ukuta wa nyuma. Hilo nalo lilikataliwa, maana mchungaji hataki mtu ampe Mungu kisogo.

La tatu ndilo analolipanga sasa. Mzee Lusubilo na wazee wenzake wataketi mbele kabisa, kwenye sakafu iliyoinuka ya madhabahu, nyuso zao zikielekea msalabani. Nyuma yao itasimama kwaya, imewapa mgongo. Mchungaji na maharusi watakuwa katikati ya kanisa, na watu wengine nyuma ya maharusi. Maharusi watatumia mlango mkubwa, wazee watatumia ule mdogo wa mbele.

"Kwa hiyo wazee hawataiona ndoa," mchungaji alimwambia.

"Wataisikia, Mchungaji. Hata Mungu tunamsikia tu."

Mchungaji alicheka, akakubali.

Jioni Roda anawapanga wanakwaya kwa urefu. Danford, mwimbaji wa besi anayewapita wote kimo, anawekwa katikati, nyuma ya kiti cha Mzee Lusubilo. Danford analalamika kwamba besi husimama pembeni.

"Kesho wewe si besi," Roda anamwambia. "Wewe ni ukuta."

Jumamosi mambo yalikwenda vizuri hadi wimbo wa pili ulipokwisha. Mchungaji, kwa mazoea yake, akasema, "Tuketi." Watu wakaketi. Kwaya nayo ikaketi, kwa kuwa Roda, aliyefikiria yote, alisahau kuondoa benchi lao.

Upara wa Mzee Lusubilo ukawa wazi mbele ya bibi harusi. Leah alishusha shela mpaka kidevuni, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Fanueli alimshika mkono, asijue amvute au amwachie. Mzee hakugeuka, ila alisikia minong'ono, akaelewa. Akaishika fimbo yake ainuke atoke.

Roda alikuwa mlangoni. Hana sauti ya kuimba, na Isongole nzima inajua hivyo. Hata hivyo alianzisha wimbo, tena juu mno, na kwaya ikaona aibu kumwacha peke yake. Ikasimama. Mchungaji alitambua kosa lake, akaamuru kwaya isimame mpaka mwisho, na mahubiri akayafupisha. Danford anasema hilo ndilo lililompendeza kuliko yote siku hiyo.

Leah alirudi mahali pake. Alipoulizwa, alijibu, "Ndiyo, nakubali," kwa sauti iliyofika hadi madhabahuni. Mzee alikuwa bado ameketi.

Mwandishi wa habari hizi alimkuta baadaye nje ya mlango mdogo, anafuta machozi bila kujificha.

"Wale wakwe wawili niliambiwa na watu kwamba walikubali," alisema. "Huyu nimemsikia mwenyewe."

Kisha akamwendea Roda, aliyekuwa ameanza kufagia.

"Mama Ezron, Mungu akinijalia mjukuu, siku ya ubatizo nataka nimshike kwa mikono yangu. Na mama yake awepo humohumo ndani."

Roda aliegemea fagio, akalitazama kanisa kutoka mlango mkubwa hadi mdogo.

"Nipe miezi tisa, baba," akasema, kisha akaenda kulivuta benchi la kwaya kulitoa nje.