Aliyemzika Baba Yake Moyoni

Leo nimemwacha mgombea udiwani makaburini, na wala sijutii.

Asubuhi alikuja kuomba kura hapa kwetu Mgwashi. Shangazi yake, mama mzima, akanyoosha mkono: "Mwanangu, siku tunamzika baba yako, mbona hukuja?"

Swali jepesi kabisa.

Jamaa akashika maiki. "Shikamoo shangazi! Mzee hakuwa baba yangu mimi tu, alikuwa baba wa Mgwashi yote. Mimi nilimzika moyoni!"

Makofi. Vigelegele. Shangazi wa watu akakaa chini.

Damu ilinichemka jamani! Kwetu mtoto wa kiume ndiye huingia kaburini kuupokea mwili wa baba yake. Siku ile tulimngoja wee, hakutokea, nikaingia mimi, jirani tu.

Angesema "sikuja, nisameheni," kura yangu angeipata.

Mkutano ukaisha, akataka apigwe picha akimwombea mzee dua. Tumefika makaburini, mpiga picha yuko tayari, bwana mkubwa ananinong'oneza: "Kaka, kaburi la mzee ni lipi?"

Nikamwambia awaulize waliompigia makofi. Nikaondoka zangu.

Hebu semeni, ninyi mngemwonyesha?