Mama wa Slaidi ya Nne

Watu wa Bariadi wanajua kusema. Wanasema Kabula alilewa ajira. Wanasema mimi Rehana, mwenye duka la steshenari alikofanya kazi miaka sita, ndiye niliyemharibu. Semeni tu. Nilikuwepo, nyie hamkuwepo, na leo nasema mimi.

Kabula alikuja kwangu na cheti cha kidato cha nne na kandambili. Nikamweka kwenye fotokopi. Mwaka haujaisha, maafisa wakawa wanamfuata yeye, mimi mwenye duka wananipita. Afisa anakuja na slaidi arobaini, maneno yamejaa kama siafu, maandishi mekundu juu ya kijani, nyota zinarukaruka. Kabula anamsikiliza, kisha anamuuliza, "Mkuu, ukitaka wakumbuke jambo moja tu, ni lipi?" Mkuu anababaika. Basi hapo Kabula anaanza kukata. Slaidi moja, jambo moja. Takwimu ishirini anazigeuza nguzo mbili, moja ndefu moja fupi, mtoto wa chekechea anaelewa. Akimaliza anaiacha kompyuta juu ya kaunta, anavuka barabara hadi kwa wauza spea za pikipiki, anasimama pale na kusoma. Neno asiloliona akiwa ng'ambo, anarudi kulifuta. Wauza spea walimwita mwendawazimu. Mwendawazimu gani anapigiwa simu na wakuu wa idara?

Lakini alikuwa kibarua, na alikuwa amechoka kuwa kibarua. Mwaka jana akaja Deogratias, meneja wa mradi wa maji, shati limenyooka, ulimi umelainika. Wafadhili walikuwa njiani kuja kusikiliza mpango wa kuchimba malambo huko Meatu. "Nitengenezee slaidi za kuwaliza," alimwambia Kabula. "Wakikubali, nafasi ya afisa mawasiliano ni yako. Mkataba, bima, na pikipiki." Siku ile Kabula alitoa fotokopi za watu kichwa chini miguu juu, nami nikamsamehe.

Kilichobaki ni picha. Siku zote alikuwa akisema kwamba uso wa mtu anayekutazama unafanya kazi ya kurasa kumi. Akaenda kwao Lingeka, kijiji cha hukohuko Meatu, akampiga picha mama yake mzazi, Bi Kwandu.

Sasa nisikilizeni. Bi Kwandu si fukara. Mjane ni mjane, lakini ana nyumba ya bati, ana ng'ombe kumi na wanne, na pamba yake inawashinda wanaume wengi pale kijijini. Shida yake ni maji, mwendo wa saa nne kuswaga mifugo hadi lilipo tope la kunywa. Alipoambiwa habari ya picha akavaa gauni la kanisani na kilemba. Kabula akamwambia avue, avae khanga ya shambani. Mama wa watu akavua. Akasema, "Basi waonyeshe ng'ombe, hao ndio wanaokufa na kiu." Haya alinisimulia Kabula mwenyewe, anacheka, amekaa kwenye kiti changu. Ng'ombe akawakata kwenye picha. Bati akalikata. Akabakiza uso, midomo iliyopasuka na ndoo tupu. Chini akaandika kwa herufi kubwa: HANA KITU CHOCHOTE.

"Kabula," nikamwambia, "mama yako ana kitu."

"Dada Rehana, mwenye ng'ombe haonewi huruma. Kisichosaidia ujumbe kinatoka."

Nikaguna tu. Picha ilikuwa kali, wallahi. Mimi niliyemjua Bi Kwandu, niliyekula kuku wake, nilitokwa na machozi.

Siku ya mkutano nilikwenda na projekta yangu, maana siwaamini na vyombo vyangu. Deogratias kasimama mbele, wageni wamekaa, Kabula yuko kwenye kompyuta kubonyeza kitufe. Slaidi ya kwanza imeshapita, mlango wa nyuma ukafunguliwa, wakaingia akina mama kumi wa Lingeka. Deogratias alikuwa amewaomba viongozi wa kijiji walete walengwa ili wageni wawaone kwa macho. Na kijiji kikiombwa akina mama kitamwacha mwenyekiti wa kikundi chao? Bi Kwandu aliingia wa kwanza, gauni la kanisani, kilemba. Akamwona mwanawe kule mbele kati ya wakubwa, akamgusa mwenzake begani na kumwonyesha kwa kidevu. Uso ulimng'aa.

Kabula akaniinamia. "Niitoe?"

"Itoe haraka."

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Akatazama wageni, akamtazama Deogratias. Hakuitoa.

Slaidi ya nne ikafika, ukuta mzima ukawa Bi Kwandu. Mgeni mkuu, mwanamke wa makamo, akashika kifua. Kule nyuma akina mama wakacheka, cheko la kumtambua mwenzao, mpaka mmoja aliposoma maneno kwa sauti. Cheko likakatika. Bi Kwandu akasimama. Kiswahili chake ni cha kuokoteza.

"Huyo ni mimi. Ng'ombe zangu ziko wapi? Nani kasema mimi sina kitu?"

Mgeni mkuu akafunga daftari lake. Akasema kwa utulivu kwamba hawatatoa fedha kwa mradi unaodanganya kwa picha. Deogratias akamgeukia Kabula. "Hii picha umeipata wapi? Unamfahamu huyu mama?"

Ukumbi mzima ukamtazama yeye.

"Simfahamu," Kabula akasema. "Kwenye picha ni mtu mwingine. Wamefanana tu."

Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, na mdomo ninao, mji mzima unajua. Nikainama nikajifanya natengeneza waya. Kwa hiyo mkimlaani Kabula, mnilaani na mimi.

Mama mmoja wa Lingeka akaanza, "Lakini huyu si ndiye binti—" Bi Kwandu akamshika mkono akanyamaza. Akamtazama Kabula. Kisha akamwambia mgeni mkuu, polepole, "Macho yangu ya kizee. Nimekosea. Huyo si mimi. Na binti huyu simjui." Akakaa. Mgeni mkuu akalifungua tena daftari lake. Watu walipopiga makofi mwishoni, naye akapiga.

Mradi ukapita. Kabula akapata mkataba, bima na pikipiki, yote kama alivyoahidiwa. Lambo la Lingeka limechimbwa. Deogratias ameionyesha slaidi ya nne kwenye mikutano mingine sita, anaisifu kwamba haijawahi kumwangusha.

Krismasi Kabula akaniomba nimsindikize nyumbani. Nilidhani akiwepo mtu mzima mambo yatapoa. Alibeba blanketi, vitenge na mfuko wa sukari. Tukamkuta Bi Kwandu uani anachambua mbegu. Kabula akapiga magoti, akamwamkia mama yake kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

Bi Kwandu akainuka, akaleta vigoda viwili, akavipangusa kwa khanga. Akatujibu kwa Kiswahili.

"Karibuni, wageni. Mmetoka mbali?"

Jamani! Katika boma lile Kiswahili ni cha polisi, cha daktari, cha watu wa sensa. Tangu amzae, hakuwahi kumsemesha mwanawe neno moja la Kiswahili. Kabula akalia, akamshika miguu, akamwomba msamaha kwa Kisukuma mpaka sauti ikamkauka. Bi Kwandu akanigeukia kwa adabu zote. "Mwenzako anaumwa? Mpe maji anywe, siku hizi yapo."

Alituchinjia kuku, kuku wa wageni. Tulipoaga alitusindikiza hadi njiani, akapokea zawadi kwa mikono miwili na kushukuru. Kisha akamuuliza Kabula, "Dada, mama yako bado yupo hai?"

Kabula akasema yupo.

"Basi ukifika kwenu msalimie," akasema Bi Kwandu, akarudi kwenye mbegu zake.