Magunia ya Chai ya Bendi Yetu

Leo nikipita Chepseon na malori yangu mawili, watu husimama kunipungia mkono. Shule niliishia kidato cha pili, na kila nilicho nacho nilikitafuta kwa mikono hii. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue anayeandika si mtu wa kulialia. Lakini kuna jambo moja la mwanzo wa miaka ya sabini, nilipokuwa napiga ngoma kubwa katika bendi ya shule yetu ya harambee, upande wa Boito. Hata mke wangu nimemsimulia nusu tu.

Bendi yenyewe ilikuwa ya shida. Ngoma kubwa moja, ndogo tatu, filimbi za bati, na tarumbeta moja iliyobonyea mdomoni. Kaptura zetu zilishonwa kwa mapazia ya zamani ya misheni. Viatu hatukuwa navyo. Mwalimu wa bendi alikuwa mzee aliyewahi kuwa askari wa Wazungu, na ukikosea hatua alikuchapa kisigino kwa kijiti cha ngoma bila kuacha kuhesabu. Lakini tulipiga! Kutoka Boito mpaka Kaplong hakukuwa na mtu wa kunifikia kwa ngoma ile, na aliyekuwepo wakati huo atakuambia hivyo hivyo.

Tarumbeta ilikuwa ya mvulana mmoja mwembamba wa darasa letu. Kwao ni huko magharibi. Baba yake alikuja kuchuma chai kwenye shamba la kampuni, akafia hapo, mama akabaki akichuma. Waliishi kambini, nyumba ya chumba kimoja. Kijana huyo alikuwa wa kwanza darasani kila muhula, lakini ada ya mtihani wa kidato cha pili hakuwa nayo. Mama yake alimwambia wazi: ukikosa mtihani, unabeba kikapu.

Muhula huo bendi ilizunguka vituo vya kupimia majani ya chai. Tulipiga, na kila mkulima akatoa konzi mbili za majani kutoka kikapu chake akatia kwenye gunia letu. Majani yaliuzwa kwa namba ya mkulima aliyokuwa nayo mwenyekiti wa kamati, naye alikabidhi pesa shuleni siku hiyo hiyo. Majuma mengi yalikuwa ya mabati ya darasa. Tulinyeshewa karibu kila alasiri, ngozi za ngoma zikalegea, tukalala na njaa zaidi ya mara moja. Siku ya mwisho, Alhamisi, mwalimu mkuu aliitoa kwa ada ya yule mpiga tarumbeta. Majina ya watahiniwa yalikuwa yanapelekwa Ijumaa.

Watu walimpenda. Mama mmoja alimwaga nusu ya kikapu chake akasema, "Puliza tena, baba, hii ni ya kalamu yako." Kufika saa nne magunia yetu manne yalikuwa yamejaa, na vituo viwili vilibaki. Mwalimu akasema turudi tuombe vikapu vya watu. Kurudi ni kupanda kilima, na mimi nilitaka tuingie kituo kinachofuata kwa mstari, ngoma mbele, wasichana wakiangalia.

"Wacha, mwalimu," nikasema. "Mimi nitayaingiza majani yote humu humu."

Mwalimu akatangulia kupanga wadogo. Nikaweka ngoma chini, nikaingia ndani ya gunia na miguu yangu miwili, nikakanyaga. Yule wa tarumbeta alikuwa amenishikia mdomo wa gunia.

"Usishindilie," akasema. "Yatachemka humo ndani. Mama husema yanataka hewa."

"Wewe mtoto wa kambi," nikamjibu, "unajua chai ya bosi. Mimi nimezaliwa kwenye chai yetu wenyewe. Shika gunia!"

Wenzetu wakacheka. Yeye akashika.

Naandika hili polepole kwa sababu nilijua. Mtoto yeyote wa mkulima wa chai anajua jani bichi likibanwa linapata joto na kuungua. Baba yangu alinichapa kwa kosa hilo nikiwa na miaka minane. Nilijua, na nikakanyaga. Katika kila kituo nikakanyaga tena, na jua siku hiyo lilikuwa kali, mvua haikuja.

Saa tisa tulifika kwa karani wa kupima. Akafungua gunia la kwanza, akatia mkono, akautoa haraka.

"Hii ni chai ama ni mboga mmeshapika?"

Akamwaga mezani. Katikati yote yalikuwa mekundu, yananuka tamu kama kitu kinachooza. Gunia la pili hivyo hivyo. La tatu hakulimaliza kulifungua.

"Karani, tafadhali, pima hata ya juu juu," mwalimu akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akiomba mtu.

"Mzee, nikipokea hii, kiwandani watanifukuza mimi. Mwageni kule."

Tukamwaga kwenye mtaro. Yule kijana aliinama akachagua majani ya kijani, moja moja, akayaweka kwenye kofia yake ya bendi. Hayakujaza kofia.

"Nani aliyashindilia?" mwalimu akauliza.

Bendi nzima ilikuwa imeniona. Kijana alinitazama, akangoja. Nikaanza kukaza kamba za ngoma yangu.

"Tulishindilia sisi wote, mwalimu," akasema mwishowe.

Ijumaa jina langu lilisomwa, kwa sababu baba alikuwa ameuza ndama. Lake halikusomwa. Jumapili nilikwenda kambini baada ya kanisa, nimejipanga kusema nitamwomba baba yangu alipe ada. Mama yake alikuwa mlangoni akishona mshipi wa kikapu kipya.

"Ameshaandikwa kuchuma," akasema. "Wamempa namba jana. Rudi ukasome, baba."

Kijana alikuwa ndani. Nilimsikia akikohoa. Hakutoka, nami sikuingia.

Mtihani nilifanya na nikaanguka vibaya sana. Yeye angepita, hakuna aliyebisha hilo. Baadaye nilipata mali, yeye akachuma chai mpaka mgongo ukamshinda, na tukikutana njiani aliniita "mkubwa" akashika njia yake.

Siku ya kufunga shule muhula ule, tarumbeta ilipewa mvulana mwingine. Alipuliza, ikatoa upepo tu. Mwalimu akamwambia aishike mdomoni asipulize. Tukapita mbele ya wazazi kwa ngoma na filimbi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko siku zote, mpaka wakasimama kunishangilia.