Kofia Iliyorudi kutoka Sur

Nina kabati la zawadi, kama nyumba nyingi hapa Ibra. Ndani yake zimo chupa za chai ambazo hazijawahi kuona chai, visanduku vya udi, vikombe vya kahawa na mabakuli ya glasi yenye riboni. Mtu akiniletea chupa ya chai wiki hii, wiki ijayo naondoka nayo kwenda arusini Nizwa, wala sioni haya kusema hivyo, kwani wenzangu wote ndivyo wafanyavyo. Zawadi moja tu haijawahi kupitia kabatini humo, nayo ni kofia ninayomshonea mdogo wangu kila Idi.

Mdogo wangu anakaa Sur. Tulizaliwa Unguja tukaletwa huku ng'ambo ya bahari tungali wadogo, na mama ndiye aliyenifundisha kushona kofia za mkono. Nilisomesha miaka mingi, sasa nimestaafu, na kushona ndiyo starehe yangu. Baada ya alasiri nawasha televisheni kwenye habari, navaa miwani, na sindano inakwenda. Kofia moja hunichukua miezi mitatu au minne. Kipimo cha kichwa chake ni uzi wenye fundo, ambao nimeuhifadhi kwenye kopo la biskuti tangu alipooa. Kichwa cha mtu mzima hakibadiliki, kwa hiyo sikumpima tena.

Kilichotugombanisha ni hizo hizo habari. Mambo ya nchi jirani yaliharibika, makombora yanaruka, safari za ndege zinaahirishwa, na kundi la ukoo wetu kwenye simu likawa halilali. Mdogo wangu alijifanya mhariri mkuu. Asubuhi anatuma sauti ya mtu asiyejulikana anayesema bandari zitafungwa, adhuhuri anatuagiza tununue mchele. Siku nilipomkuta binti yangu anapanga magunia ya mchele stoo kwa sababu ya mjomba wake, nikapandwa na mori. Nikaandika mbele ya watoto, wakwe na wajukuu: "Mtu mzima unasambaza uvumi. Leta chanzo chake au nyamaza."

Akanyamaza.

Siku za mwanzo nilifurahi, sisemi uongo. Nilikunywa kahawa yangu kwa raha. Wiki ya pili nikaanza kuangalia simu kila saa, nikaona hata salamu za Ijumaa hatumi. Lakini mimi ndiye mkubwa. Nilikaa nikisubiri yeye anipigie aniamkie, kwa kuwa shikamoo hutoka kwa mdogo. Ukubwa huo nikiufikiria leo naona haya.

Idi ndogo ikakaribia. Kofia ilikuwa tayari, nyeupe yenye maua ya rangi ya kahawa, na nilijiambia itanisemea yale ambayo mdomo wangu hauyawezi. Nikampa jirani yangu aliyekuwa anakwenda Sur kwa bintiye. Idi ilipokwisha jirani akarudi, na mfuko ule ule mkononi. Alisema wifi yangu, mke wa mdogo wangu, kampa mlangoni na kumwambia ampelekee dada, basi. Nikachungulia mfukoni nikaona kofia yangu.

Kwetu zawadi hairudishwi. Unaweza kuichukia, ukaifungia, ukampa mtu mwingine, lakini humrudishii aliyekupa. Na kumrudishia mtu kitu alichokushonea kwa mkono wake ni kumwambia udugu umekwisha. Nililia, kisha nikakasirika kwa kuwa nimelia. Nikausukuma mfuko kabatini katikati ya chupa za chai. Binti yangu alinisihi nimpigie mjomba wake, nikamjibu asinifundishe ndugu yangu.

Kofia ilikaa humo wiki tano. Kisha ikaja arusi ya kijana wa binamu yangu huko Nizwa, na kwa hasira ile ile nikaamua kofia ataivaa bwana arusi. Nikaitoa niipige pasi. Nilipoigeuza ndani nikaona upande wa nyuma umekunjwa na kupigwa bandi kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Wifi yangu hajui kushika sindano, tumemtania kwa hilo miaka yote. Alikuwa ananionyesha pa kupunguza.

Nikaufuata uzi wangu kwenye kopo. Niliuzungusha kwenye kofia, na kofia ilikuwa sawasawa na kipimo, sikukosea. Nilipopima kwa kufuata mkunjo ule, ulipungua upana wa vidole viwili. Mdogo wangu ana nywele nyingi na ngumu, kila kinyozi wa Sur amezilalamikia. Nilikaa kitandani, pasi inawaka. Nilijua kabla sijapiga simu.

Wifi yangu alinieleza kwa sauti ya chini. Maradhi ya mdogo wangu yaligunduliwa siku zile zile za ugomvi wetu. Dawa zimempukutisha nywele na zimemkondesha, na yeye hakutaka jambo lake litajwe kwenye kundi. Ile kofia aliivaa siku ya Idi ikamshukia mpaka masikioni, akakataa kuvaa nyingine. Akamwambia mkewe airudishe kwa dada aipunguze.

"Nilidhani utaifungua siku ile ile, dada," wifi yangu alisema. "Tukawa tunakusubiri."

Nilimwambia nakuja.

Binti yangu aliendesha gari, na mimi nilipakata kopo la biskuti njia nzima. Alitaka kuwasha redio, nikamzuia. Wiki tano mgonjwa anaiulizia kofia yake, na kofia iko kwangu kabatini na vyombo vya kugawa. Nimeomba msamaha kwa Mungu kwa makosa mengi maishani, hili sikujua nianzie wapi.

Tulimkuta ukumbini amekaa kwenye mkeka, kanzu inampwaya. Aliniamkia kabla sijavua viatu. Nilimwitikia marahaba, kisha, kwa kuwa sijui kulia mbele za watu, nikaanza kugomba. Nikamuuliza ni ndugu gani anayeumwa miezi na mwenziwe hana habari.

"Si wewe uliniambia ninyamaze, dada?" alisema, akacheka.

Mkewe akacheka, na binti yangu pia. Alikuwa ananitania, kama alivyonitania tangu utotoni, na hakuna neno nililowahi kuambiwa lililoniuma kama lile. Nikavaa miwani, nikakata uzi mpya na kupiga magoti nyuma yake. Kichwa chake kilikuwa na joto, laini kama alipokuwa mtoto nikimbeba mgongoni. Nikauzungusha uzi mpaka ncha zikakutana, lakini kulifunga fundo la kipimo kulinishinda. Wifi yangu, asiyejua kushona, ndiye aliyelifunga.