Insha Niliyomwandikia Baba Kuhusu Pasaka

Enzi zetu kule Umatengo, mtoto aliyebishana na baba yake kwa mdomo alikula chakula cha jioni akiwa amesimama, kwa sababu kukaa hakukuwezekana. Rika langu mnanielewa. Lakini hakuna mzazi aliyewahi kukataza kubishana kwa maandishi, na mimi nikiwa kidato cha kwanza pale Mbinga niliuona upenyo huo.

Aliyenionyesha ni Mwalimu Kolumba, mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mfupi mwenye sauti ya kufika bonde la pili. Alitufundisha insha ya hoja kwa kutumia shamba. Sote tulizijua ngoro, yale mashimo ya kwenye miteremko yetu. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mlima ukaonekana umetandikwa wavu. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Mwalimu akasema insha nayo ni hivyo hivyo. Kwanza laza mistari: dai lako, hoja zako, hoja ya anayekupinga, hitimisho. Halafu chimba, ufukie kila mstari kwa ushahidi. Insha ya nyasi tupu, alisema, mvua moja tu inaipeleka bondeni.

Mwaka huo nilikuwa na jambo la kupigania. Mama yangu ni mtu wa ziwani, na bibi mzaa mama aliishi Lundo, kando ya Ziwa Nyasa. Kila shule ilipofunga kwa Pasaka nilishuka kwake. Jamani, Lundo! Usipa, vile visamaki vya ziwani, wabichi wa kukaanga, ugali wa muhogo, kuoga ziwani mpaka macho yawe mekundu, kucheza kombolela na binamu zangu mpaka bibi atufukuze kwa mwiko. Safari hii baba akatangaza kwamba hakuna kwenda. Ngoro za maharage hazijaisha, na mimi sasa ni msichana mkubwa, nitamsaidia mama kuchimba. Nililia siku mbili bila faida yoyote. Siku ya tatu nikachana karatasi katikati ya daftari.

Dai langu lilikuwa kwamba Imelda, yaani mimi, aende Lundo. Hoja ya kwanza, bibi ni mzee na hana wa kumchotea maji; wajukuu tisa waliokuwa wakiishi naye niliwasahau kwa makusudi. Hoja ya pili, usipa huongeza akili, kama wataalamu wanavyosema, na mtaalamu mwenyewe nilikuwa mimi. Hoja ya tatu, Yesu naye alipenda kukaa ziwani. Hoja pinzani niliipa mstari mmoja: “Wapo wanaosema ngoro hazijaisha, lakini watu hao hawana upendo.” Nikaiweka karatasi chini ya kikombe cha baba, nikamwamkia shikamoo ya haraka, nikakimbilia shule.

Baba aliwahi kuwa karani wa kijiji, na karatasi hazikumtisha. Jioni akaniita. Nilienda nikiwa nimevaa sketi mbili, endapo litatokea la kutokea. Hakushika fimbo. Alikuwa amepiga mstari chini ya ile hoja pinzani.

“Huyu anayekupinga umemziba mdomo kabla hajasema,” alisema, akinirudishia karatasi. “Nenda kamsikilize, halafu uandike tena.”

Jumamosi nikapanda shambani na mama, jembe mkono mmoja, daftari mkono mwingine. Nikamuuliza kwa nini ngoro haziwezi kusubiri. Akanijibu huku akichimba kwamba mvua inaelekea kuisha, na maharage yakikuta udongo mkavu tutakula ugali kwa chumvi. Alichimba mashimo mawili, akasimama, akashika kiuno, akatazama mawingu. Akachimba mengine mawili, akatazama mawingu tena. Tangu nikiwa mdogo nilimwona akifanya hivyo na nilidhani anapenda mawingu. Siku ile niliyatazama na mimi. Hayakuwepo.

Nikamuuliza kama mgongo unauma. Akasema mgongo huo ni wa miaka yote, nichimbe. Na wanaume wetu? Nyasi walishalaza wiki iliyopita, kazi yao imekwisha. Baba alikuwa kilabuni na kaka zangu wawili, Otmari na mdogo wake, walikuwa mpirani.

Nikaandika upya. Mgongo wa mama nikauandika, na mawingu yasiyokuwepo pia. Nilipofika kwenye hitimisho nikaona nimejishinda mwenyewe: anayenipinga alikuwa na haki. Nililia kwa uchungu, kisha nikaandika: “Kwa hiyo Imelda asiende Lundo mpaka ngoro ziishe. Zitaisha mapema wanaume wa nyumba hii wakichimba pia.”

Baba aliisoma mara mbili. Mimi sikukaa pale kusubiri. Kesho yake baada ya misa alichukua jembe, akawatoa kaka zangu mpirani. Mwanaume kuchimba ngoro! Wanawake wa mteremko wa jirani, waliokuwa wamepita kutafuta mboga, walisimama kutazama. Baba aliyelaza nyasi maisha yake yote hakujua kuzifukia. Alitupa udongo wote upande wa chini, na mashimo yake yalikuwa na kila umbo isipokuwa mraba. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

“Baba Otmari,” alimwambia, “ni pande zote nne.”

Tulimaliza Jumatano ya Juma Kuu. Alhamisi asubuhi nikafunga kijifurushi changu, na baba akamwambia mama naye afunge wake. Tangu aolewe, mama hakuwahi kula Pasaka kwa mama yake. Hoja hiyo mimi sikuifikiria kabisa.

Vijana wa leo hubishana kwenye simu tangu asubuhi, na watu wasiowajua, kwa vikatuni vinavyolia machozi. Mwanangu yuko chuo. Akitaka kitu hunitumia sauti ya dakika nne isiyo na hoja hata moja, na nikimwambia aandike pia ya upande wa pili, hucheka na kuniambia mama, umepitwa. Labda ni kweli. Baba alishatutoka, na siku hizi mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Nikisema neno watu hukubali tu, hata nikijua nimekosea, na hakuna anayenirudishia karatasi.